Mafuta Yanasema, Upepo Hausemi

Mtu akikwambia ameoa mpishi, mpe hongera leo na pole umwekee ya kesho. Fundi Saa alikuwa ameoa mpishi kwa miaka thelathini na moja, na Jumamosi ile alikuwa kwenye kiti cha jikoni anafungua boksi kwa bisibisi yake ndogo ya saa, na mpishi wake kamsimamia kichwani kama askari wa zamu.

"Taratibu, baba watoto. Ukilikwaruza, Jumatatu nitamwambia nini bosi?"

"Mke wangu, hizi ndizo kazi zangu. Nafungua saa ndogo kuliko ukucha wako, nitashindwa na boksi?"

Alisema kwa upole, lakini moyoni alikuwa amenuna. Asubuhi ile alikuwa amevaa shati lake jeupe, lile la heshima, akakuta kifungo cha tatu kutoka juu ni cheusi tii. Alikuwa amemwomba mkewe amshonee kifungo, na mkewe kamshonea cha koti. Akajiambia, haya, ndiko tulikofika, mimi na kitambaa cha deki sasa tuna heshima moja. Hakusema kitu. Mwanamke yule siku hizi alikuwa mkali ajabu: ukisogeza kiti, ugomvi, ukirudisha kopo la chumvi pasipo pake, ugomvi wa siku mbili. Fundi Saa alikuwa amejifunza kukaa kimya, akaiita hiyo busara.

Hilo boksi lilitoka kantini ya chuo, ambako mkewe alikuwa akikaanga chipsi kwa miaka ishirini na mbili. Chuo kizima kilimwita Mama Chipsi, na waliokwisha kuhitimu zamani walikuwa wakirudi na watoto wao ili tu waje kula kwake. Sasa bosi wa kantini, mwanamama mwenye haraka anayetembea na kalamu sikioni, alikuwa ametangaza kwamba makarai ya mafuta yanaondoka. Zinakuja mashine za kukaangia kwa upepo, na chipsi zitakuja kwenye mifuko, zimeshakatwa, zimegandishwa kama samaki. Jumatatu saa nne asubuhi kila mpishi atasimama mbele ya mashine, atoe sahani moja. Atakayeweza atabaki jikoni. Atakayeshindwa atahamia kwenye kuosha vyombo, na kwa umri wa Mama Chipsi, kuhamishiwa kwenye vyombo ni kuambiwa kwaheri kwa adabu. Kwa heshima ya miaka yake, bosi alimpa mashine moja na mifuko minne akajifunzie nyumbani.

"Wakinitoa pale jikoni," alikuwa amemwambia mumewe usiku wa Ijumaa, "mimi nimekwisha. Sina kingine ninachokijua duniani."

Basi mashine ikatoka kwenye boksi. Nyeusi, mviringo, mfano wa ndoo yenye droo tumboni, na juu yake kioo. Mama Chipsi akapitisha kiganja chake juu ya kile kioo mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

"Vitufe viko wapi?"

"Hakuna vitufe. Ni kioo tu, unagusa picha. Hii hapa ya chipsi, hii ya kuku, hii ya samaki, hii ya keki."

Mama Chipsi akanyamaza. Fundi Saa, mtu wa busara, akadhani mkewe anatafakari.

Akamsomea kijitabu cha maelekezo. Chipsi zisiachwe ziyeyuke barafu. Zisioshwe. Mafuta yasiongezwe, maana kiwandani zimeshapitishwa kwenye mafuta. Kikapu kisijazwe hadi juu. Nusu ya muda kitolewe kitikiswe. Tena, mara za mwanzo mashine itatoa harufu, mtumiaji asishtuke.

"Visioshwe?" Mama Chipsi akashika kiuno. "Viazi visioshwe! Na mtu aliyeandika hayo ana mama?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Na mafuta hakuna."

"Hakuna."

"Makubwa haya! Sasa nitajuaje kama zimeiva? Mafuta yanasema, baba watoto. Ukitumbukiza viazi yanapiga kelele, maji yakitoka ndani ya kiazi kelele inashuka, yakianza kunong'ona unatoa. Hili likopo linanong'ona nini?"

Alipoiwasha ikavuma vuuu, mvumo ule ule, mwanzo hadi mwisho. Akamfukuza mumewe jikoni. Hakutaka kusimamiwa, hasa na mtu asiyejua hata kuchemsha chai bila kuiunguza sufuria. Mumewe akaenda sebuleni kwenye meza yake, akabana kioo chake cha kukuzia jichoni, akainamia saa ya mwanamke mmoja yenye mshale wa sekunde mwembamba kama unywele.

Mzunguko wa kwanza ulitoka laini, umelala kama kamba za viatu. Kumbe alikuwa amegusa picha ya keki.

"Umenionyesha vibaya!" akapiga kelele kutoka jikoni.

"Nikuwekee mimi?"

"Toa mkono wako kwenye kazi yangu!"

Mzunguko wa pili ukaanza. Fundi Saa akausikia mvumo, akarudi kwenye mshale wake. Baada ya muda ikaja harufu. Akaisikia, akakumbuka kijitabu, na wala hakushtuka, maana kimeandikwa asishtuke. Harufu ikazidi. Akajiambia viwanda vya siku hizi wanatumia plastiki ya ajabu. Hatimaye mashine ikalia ti-ti-ti, na sauti ya mkewe ikaja, ile sauti ya zamani yenye furaha ambayo alikuwa hajaisikia muda mrefu.

"Baba watoto! Njoo ule! Leo nimelipata!"

Akaenda. Mama Chipsi alikuwa amesimama kando ya meza, koleo mkononi, kidevu juu. Sahani ilikuwa mezani.

Jamani. Zilikuwa mkaa. Hazikuwa zimeungua ncha, wala hazikuwa na rangi ya kahawia iliyozidi kidogo. Zilikuwa mkaa mtupu, nyeusi kama kile kifungo chake, na moshi mwembamba ulikuwa bado unapanda.

"Harufu ya mashine mpya hiyo isikusumbue," alisema mkewe. "Angalia rangi kwanza. Dhahabu, eh? Wataisema wenyewe Jumatatu."

Fundi Saa akaitazama sahani. Akamtazama mkewe, akatafuta utani usoni mwake. Wanaume huwa tunatafuta utani mahali ambapo ukweli umesimama wima. Hakukuwa na utani. Mkewe alikuwa anatabasamu kwa kweli, anasubiri sifa, na macho yake yalikuwa yamemwelekea. Yalikuwa yamekaribia kumwelekea. Yalikuwa kwenye sikio lake.

Hapo roho ikamruka. Sijui nani alimtuma, lakini akavua kandambili, akasogea hatua mbili kushoto, kimya kama mwizi. Mkewe akaendelea kutabasamu. Akaendelea kukitabasamia kiti kitupu.

"Mbona husemi? Au nimekufunga mdomo?"

Fundi Saa akainua mkono, akaupunga mbele ya mkewe, karibu kabisa. Jicho halikufuata. Akashika ukingo wa meza, na meza ikasogea.

"Nani kasogeza meza?" akauliza Mama Chipsi kwa ukali. Kisha akasikia sauti ya kupumua inatoka upande ambao hakuutarajia. Tabasamu likamtoka. Akaweka koleo chini, polepole, mahali pake pale pale.

"Mke wangu," alisema Fundi Saa, na sauti haikuwa yake, "hizi chipsi ni nyeusi."

Mkewe akapapasa ukingo wa sahani.

"Hunioni?"

"Nakuona."

"Unaniona nini?"

"Naona mtu. Kivuli." Akavuta pumzi. "Ukungu, na ndani ya ukungu mtu. Mwangaza naujua, dirisha nalijua, ukipita mbele yake najua umepita."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Miaka miwili! Fundi Saa akakaa chini, sakafuni, siyo kwenye kiti. Miaka miwili mwanamke huyu amekuwa akisimama kila siku kando ya karai la mafuta yanayochemka, anakaanga kwa masikio! Miaka miwili amekula mezani na mtu asiyemwona, amelala naye, amenuna naye. Ule ugomvi wa kiti. Ule ugomvi wa kopo la chumvi. Kumbe hakuwa mkali, alikuwa anailinda ramani yake ya kutembelea gizani, na yeye mumewe ndiye aliyekuwa akiivuruga kila siku kisha anajisifu kwa kukaa kimya. Mkono wake ukapanda wenyewe kifuani, kwenye kile kifungo. Na huyu ndiye mtu ambaye mji mzima humletea saa, eti ana jicho kali. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na wahenga hawakuwa na adabu lakini walijua kusema.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani yako?"

"Wewe ndiye uliyenifunga mdomo."

"Mimi?"

"Siku rafiki yako mshona nguo alipofunga duka kwa sababu ya macho. Ulikuwa umekaa hapo hapo. Ukacheka, ukasema: 'Fundi asiyeona ni mzigo. Afunge, akae kivulini, asubiri kulishwa.' Na mimi wiki ile ndiyo nilikuwa nimeanza kuona ukungu. Nilikuwa nimekuja mezani nikuambie."

Fundi Saa hakukumbuka. Hilo ndilo lililomuua kabisa. Maneno hayo alikuwa ameyatoa kama mtu anavyotema kokwa, akaendelea kula, na mwenzake amekuwa akiyabeba miaka miwili bila kupoteza hata neno moja. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya wengine. Akataka kusema samahani, akaona neno lenyewe ni dogo, akalisema hivyo hivyo.

Mama Chipsi alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Jumatatu watanitoa," akasema. "Mafuta ningewadanganya hadi nizeeke. Hili likopo siwezi. Kioo hakishikiki, upepo hausemi."

"Nitakusaidia."

"Utanisaidiaje, utaingia kwenye aproni yangu?"

"Nitakusaidia kwa sharti. Ukiweza, ukishinda, waambie mwenyewe hapo hapo."

Mama Chipsi akasimama. "Unataka nifukuzwe kwa mdomo wangu mwenyewe!"

"Nataka usianguke ndani ya karai! Makarai hayajaondoka bado. Kesho kutwa utarudi kwenye mafuta yale yale. Mke wangu, mimi naogopa. Naogopa sana." Na mtu mzima yule akaanza kutetemeka kidevu. Mkewe hakukiona kidevu, lakini alikisikia. Akarudi kukaa.

"Sawa," akasema. "Ila kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimeshinda."

Jumapili asubuhi Fundi Saa alichukua gundi anayobandikia vioo vya saa, akadondosha tone moja kando ya picha ya chipsi, tone kando ya alama ya kuongeza dakika, na mawili kando ya alama ya kuwasha. Yalipokauka, vidole vya Mama Chipsi vikayapata mara ya kwanza. Hilo likaisha. Likabaki la kuiva.

"Hesabu dakika kumi na nane," alishauri Fundi Saa, ambaye kwake kila tatizo duniani lina mshale.

"Chipsi hazina saa, zina hali. Zikiwa nyingi zinachelewa, zikiwa chache zinawahi. Hiyo dakika yako itaniaibisha."

Wakamimina mfuko wa tatu, nusu ya kikapu tu. Zikaingia na barafu yake, zikigonga kama kokoto. Mashine ikavuma. Nusu ya muda Fundi Saa akavuta kikapu, akakitikisa kama kijitabu kilivyoagiza, akataka kukirudisha.

"Ngoja," alisema mkewe. "Tikisa tena."

Akatikisa. Pu, pu, pu, kama nguo mbichi.

"Rudisha. Dakika tatu, kisha tikisa."

Safari hii mlio ulikuwa umekauka kidogo. Mama Chipsi akainamisha kichwa, sikio mbele, na mumewe akamwona vile anavyokuwaga mbele ya mafuta, jambo ambalo siku zote alilidhania ni mbwembwe za wapishi. Dakika mbili nyingine. Akakipokea kikapu mwenyewe kwa mpini, akakirusha mara moja tu.

Kacha-kacha-kacha.

"Eheee!" Mama Chipsi akapiga yowe hadi jirani akagonga ukuta. "Linasema! Kumbe linasema, ila linataka kutikiswa kama mtoto mbishi! Angalia, angalia rangi!"

Fundi Saa akaangalia. Zilikuwa za dhahabu, zote, hadi ncha. Akaonja moja, ikavunjika mdomoni, ndani laini. Akamwambia rangi yake kwa uaminifu, bila kuongeza chumvi, na mkewe akamwamini.

Jumatatu Fundi Saa alikwenda naye kantini kwa kisingizio cha kuirekebisha saa ya ukutani, akapanda juu ya ngazi na kubaki huko. Wapishi sita walisimama mbele ya mashine sita, Mama Chipsi mbele ya ile aliyotoka nayo nyumbani. Mmoja alitoa uji wa viazi. Wengine watatu waliunguza, kwa kutegemea dakika za kijitabu. Mama Chipsi alipapasa matone yake, akawasha, akatikisa, akasikiliza, akatikisa, akatoa. Bosi akala moja, akala ya pili, kisha akavuta sahani nzima upande wake.

"Mama Chipsi, wewe jiko hili ni lako mpaka ulikatae mwenyewe."

Huko juu ya ngazi, Fundi Saa akafumba macho. Alijua mkewe anaweza kukaa kimya sasa. Nani angemlaumu?

"Bosi," alisema Mama Chipsi, na jiko zima likasikia, "hizo chipsi zimekaangwa na mtu asiyeona. Miaka miwili sioni. Sasa nifukuzeni."

Kalamu ilianguka kutoka sikioni. Bosi hakuiokota. Aliitazama sahani, akalitazama lile karai kubwa la mafuta lililokuwa linachemka pembeni, akamtazama Mama Chipsi, na akajikuta amekaa juu ya gunia.

"Miaka miwili? Hapo? Kando ya hilo karai?" Kisha akaanza kufoka, akafoka kwelikweli, kwamba angeungua, angeunguza watu, kwamba ni wazimu, ni wazimu mtupu! Akafoka mpaka pumzi ikaisha. "Zimeni hilo karai," akawaambia wengine. Halafu akamgeukia Mama Chipsi. "Kukufukuza nikufukuze, halafu nani atawafundisha hawa wenye macho? Si umesikia walivyounguza? Kesho unakwenda hospitali. Ukirudi na macho, haya. Ukirudi bila macho, utakaanga kwa masikio, lakini karibu na mafuta nisikuone."

Hospitali nayo ikawa na lake. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, aliyamulika macho yale kwa taa yake akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, wameshakomaa. Aanze na la kulia. Ni nusu saa hivi.

"Nusu saa ya kunipima?"

"Nusu saa ya kumtoa, mama."

Mumewe akamsikia Mama Chipsi akiirudia ile nusu saa kwa sauti ndogo, mara tatu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma miaka miwili ulikuwa wa kuvuta.

Siku ya kufunguliwa bandeji Fundi Saa alikuja amevaa shati jeupe, lile la heshima. Nesi akabandua taratibu, akafuta kope, akasogea pembeni. Mama Chipsi akapepesa jicho. Akaliona dirisha na nondo zake. Akamwona nesi na hereni zake. Kisha akageuka, na jicho likatua juu ya mumewe, usoni hasa, siyo sikioni.

"Mungu wangu," akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

"Uliniacha peke yangu miaka miwili."

Mama Chipsi akacheka, akamvuta karibu, akaanza kumkagua kama anavyokagua viazi vya gunia jipya: mvi, mikunjo, kola. Ghafla jicho likamtoka pima.

"Na hiki ni nini? Kifungo cheusi kwenye shati jeupe! Na umetembea nacho mjini hivi hivi? Fundi gani kipofu huyo aliyekushone—"

Hakumaliza. Kiganja chake kikapanda mdomoni. Nesi akajifanya anatafuta kitu kwenye trei.

Baadaye vidole vyake vikakishika kile kifungo, vikaanza kuutafuta uzi wa kukikata. Fundi Saa akauweka mkono wake juu ya mkono ule.

"Kiache. Nilikiona siku ile ile uliposhona. Nikanuna. Sikuuliza."

Machozi yakamjaa Mama Chipsi, na nesi akageuka mbio na pamba mkononi.

"Mama! Jicho hilo bado bichi, hairuhusiwi kulia!"

Basi ikabidi acheke.